Siku Bi Kanga Aliposema Nunua

Masikio yako wapi?

— Yako wazi.

Midomo iko wapi?

— Imefungwa.

Na atakayesinzia?

— Tutamfinya.

Basi hadithi iko mlangoni, inapiga hodi.

— Ipite ndani, iketi.

Hapo kale, lakini si kale sana, palikuwa na bonde lenye mto katikati na mawe pembeni. Wanyama wa bonde hilo walikuwa na shida moja, shida ya habari. Ukitaka kumwambia ndugu yako wa ng'ambo kwamba mtoto ameota meno, unakwenda kwa miguu. Ukitaka kumwambia kwamba mtoto anaumwa, unakwenda kwa miguu. Ndugu naye anakuja kwa miguu, na akifika, mtoto ameshapona au ameshazikwa.

Ndipo buibui wakavumbua kitu. Walifuma uzi mwembamba, mgumu, wakaupitisha kutoka shimo hadi shimo, kutoka kiota hadi kiota. Kila mwisho wa uzi wakaning'iniza ganda kavu lenye mbegu ndani. Ukivuta huku, ganda linalia kule: tiki tiki tiki. Palikuwa na mlio wa hatujambo, palikuwa na mlio wa njooni, na palikuwa na mlio wa msiba. Bonde zima likafurahi.

Buibui walikuwa na akili, lakini nguvu hawakuwa nazo. Mwenye nguvu alikuwa Kiboko. Akatoka mtoni, chwaa, akawaambia, "Nyinyi fumeni, mimi nitasimamia." Buibui wakatazama ule mdomo, wakakubali. Toka siku hiyo ikawa kampuni. Kampuni ikaitwa Uzi wa Bonde, na mwenye kampuni akaitwa Mzee Kiboko.

Kila nyumba yenye uzi ililipa chakula kidogo kila mwezi. Na aliyekuwa na akiba, karanga zake au asali yake, aliweza kuiweka kwenye kampuni. Alipewa hisa, akaambiwa kampuni ikikua na chakula chako kinakua. Chakula kikaingia pangoni kwa Kiboko. Kiboko akakilinda. Tena alikilinda kwa karibu sana.

Basi kila baada ya miezi mitatu, Kiboko alitoa matokeo ya kampuni. Wanyama wote walikusanyika ukingoni. Kiboko anasimama majini, kichwa nje, tumbo ndani. Anafungua mdomo, anasema mapato ni haya, faida ni hii, wateja ni hawa. Nani anaelewa? Panya haelewi. Kindi haelewi. Ngiri anatikisa kichwa kama anayeelewa, lakini haelewi. Wakishamsikiliza, wote wanageuza shingo kuangalia jiwe moja bapa lililo karibu na maji, maana hapo ndipo walipokaa wachambuzi.

Wachambuzi walikuwa Korongo, Kasuku na Bi Kanga. Wachambuzi wakisema nunua, wanyama wanaleta chakula. Wakisema shikilia, wanyama wanatulia. Wakisema uza, wanyama wanakwenda kudai chakula chao.

Korongo alikuwa mrefu, akaheshimiwa kwa urefu. Kasuku alikuwa na maneno mengi, akaheshimiwa kwa maneno. Bi Kanga hakuwa mrefu wala msemaji. Yeye alikuwa anachambua kweli. Mwekee ungo wa mtama, atakaa nao asubuhi nzima: hii ina mdudu, hii ni changarawe, hii ni nzima. Kwa hiyo wanyama wadogo, wale wanaokaa chini, walimwamini yeye kuliko wote. Matokeo yakishasomwa, swali lao lilikuwa moja tu: "Bi Kanga kasema nini?"

Sasa ule mwaka ninaousimulia, kiangazi kilikuwa kinakaribia, na Bi Kanga alikuwa na jambo linamkera. Uzi wake ulikuwa kimya.

Ng'ambo ya bonde alikaa dada yake mkubwa, Kororo. Bi Kanga alivuta uzi asubuhi, kimya. Akavuta jioni, kimya. Akajisemea, "Dada amenuna. Ni lile neno nililomwambia kwenye arusi ya mwanawe." Naye akanuna, akaacha kuvuta.

Siku nyingine, akiwa anaparua parua nje, wazo lilimjia: labda dada hakununa, labda uzi ndio mbovu. Akafikiri aende akamuulize Kiboko. Kisha akaona haya. "Mchambuzi mzima, niende nikaulize kama uzi unafanya kazi? Watasema huyu mshamba katoka wapi." Hakwenda.

Siku ya matokeo ikafika. Kiboko alikuwa mkarimu siku hiyo. Korongo aliwekewa samaki. Kasuku aliwekewa karanga. Bi Kanga aliwekewa kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, sahani imejaa mpaka wengine wanadondoka. Akaanza kula.

Kiboko akafungua mdomo. "Ndugu zangu. Nyuzi zimeongezeka. Wateja wameongezeka. Mapato yamepita yale mliyoyatarajia, yamepita na yale ambayo mliogopa hata kuyatarajia. Hoo, hoo, hoo."

Wanyama wakageuza shingo.

Korongo akasema, "Mimi naona mbali, na huko mbali naona neema. Nunua."

Kasuku akasema, "Naona neema. Nunua, nunua, nunua."

Ikabaki zamu ya Bi Kanga. Alikuwa na swali mdomoni, fupi tu: Mzee, hizo nyuzi zinalia? Akamtazama Korongo, amesimama kwa mguu mmoja, ametulia. Akamtazama Kasuku, anajipangusa mdomo. Akajiona yeye ndiye mjinga peke yake pale juu ya jiwe. Akalimeza lile swali pamoja na kumbikumbi.

"Nunua," akasema.

Sauti ilitoka ndogo. Wanyama wadogo wakaendelea kumtazama kana kwamba hawakusikia. Basi akaongeza, na hakuna aliyemtuma aongeze: "Nunua kwa mikono miwili."

Wakanunua. Panya akaleta, Kindi akaleta, Nungunungu akaleta. Na juu kabisa kwenye majabali alikaa bibi mmoja wa ukoo wa pimbi, mjane, miguu yake mizito, anaitwa Bibi Mawe. Huyu naye akashuka taratibu na mzigo wake, akiba yote ya kiangazi. Mlangoni mwa pango akasema, "Bi Kanga kasema mikono miwili, nami mikono yangu ni hii hii miwili." Akaweka, akarudi mikono mitupu.

Siku zikapita. Asubuhi moja Bi Kanga anafagia, akaona vumbi linakuja njiani. Ni Kororo, dada yake, kwa miguu, anachechemea, amekonda. Bi Kanga akasimama na fagio lake, hajui anune au acheke.

Kororo hakukaa. Alisema pale pale mlangoni. "Mume wangu alishikwa na homa, nikavuta uzi. Hukuja. Akafa, nikavuta mlio wa msiba mpaka bawa likauma. Hukuja. Nimezika, nimemaliza matanga, sasa nimekuja nikuulize. Nilikukosea nini, mdogo wangu?"

Bi Kanga akadondosha fagio. "Dada, ganda langu halikulia. Nilidhani umeninunia."

"Mimi nilidhani wewe ndiye umeninunia."

Wakatazamana. Kisha Kororo akaingia ndani akalia, na Bi Kanga akabaki nje, kwa sababu hakujua kama ana haki ya kulia naye.

Akiwa bado pale nje, akaja Pimbi, mjukuu wa Bibi Mawe. Pimbi ni mdogo, miguu mifupi, mkia hana, lakini jicho lake halilali. Akaamkia. "Shikamoo, Bi Kanga."

"Marahaba."

"Nimetembea kuufuata uzi wa bibi yangu," Pimbi akasema. "Nikaufuata na wako, nikaufuata na wa Panya. Zote zimekatika, zinaning'inia kama nywele. Buibui wameondoka zamani. Kiboko hakuwalipa, wakaona heri wajifumie pembeni. Pango nalo nimelichungulia. Chakula kimeshuka, na Kiboko amenenepa."

Bi Kanga akainama, akaokota fagio lake.

"Nina swali moja tu, mama. Siku ile uliposema nunua, ulijua kwamba uzi wako haulii?"

Angeweza kusema hapana. Pimbi asingeweza kumbishia. Lakini ndani ya nyumba Kororo alikuwa anapenga kamasi, na Bi Kanga alimsikia.

"Nilijua," akasema, macho chini.

Pimbi akasema, "Haya. Sitakusema kwa watu. Lakini utanifuata mpaka kwa Kiboko, na nikisema neno, wewe useme ni kweli. Mimi nikisema peke yangu hataniamini. Wewe anakuamini, kwa sababu amekulisha."

Neno hilo lilimchoma Bi Kanga kuliko matusi. Akamfuata.

Wakamkuta Kiboko majini, kichwa nje, tumbo ndani.

"Mzee," Pimbi akasema, "nyuma ya kilima kuna Tembo tajiri, ana mabonde yake mawili. Amesikia sifa za Uzi wa Bonde. Anataka kuinunua kampuni nzima. Atatoa chakula mara mbili ya kile atakachokiona."

Kiboko akainua masikio. "Mara mbili?"

"Mara mbili, Mzee. Shida ni mwili wake, hawezi kuingia pangoni. Anasema kilichowekwa juani, uwanjani, hicho ndicho atakachokipima. Cha gizani hakitambui."

Kiboko akamgeukia Bi Kanga. "Ni kweli haya?"

"Ni kweli, Mzee," akasema Bi Kanga. Uongo huu wa pili ulitoka laini kuliko ule wa kwanza, na yeye mwenyewe akajishangaa, akaona aibu upya.

"Kuna neno moja lingine," Pimbi akasema. "Siku ya matokeo anataka uvute uzi mbele ya watu, ganda lisikike likijibu."

Kiboko akazama. Mapovu yakapanda, bwabwabwa. Akaibuka. "Uzi... uzi una mafua kidogo siku hizi."

"Hilo dogo, Mzee. Chini ya lile jiwe la wachambuzi pana shimo. Mimi nitaingia humo na ganda. Wewe ukivuta, mimi natikisa. Nani atajua?"

Kiboko akacheka mpaka maji yakapanda ukingoni. "Hoo, hoo, hoo. We Pimbi, mwili huna, lakini una akili ya mkurugenzi."

Kazi ikaanza. Kiboko hakutaka msaidizi, aliogopa ataonja. Akabeba mwenyewe, akatua, puu. Akarudi, akabeba, akatua, puu. Karanga, puu. Asali, puu. Mizizi, puu. Akikumbuka mara mbili, anarudi tena mbio. Akatoa cha pangoni. Akatoa na kile alichoficha kwenye matete ambacho hata Pimbi hakukijua. Jasho linamtiririka, anahema, hee, hee, na chakula kimesimama uwanjani kama kichuguu.

Siku ya matokeo wanyama wakaja, wakakiona chakula chao. Wengine walinong'ona kwamba mbona kimepungua. Lakini walikuwa wamezoea kutouliza mpaka wachambuzi waseme.

Kiboko siku hiyo hakukaa majini. Alisimama uwanjani karibu na chakula, kila baada ya neno anatupa jicho kilimani kumtafuta Tembo. "Ndugu zangu, msimu huu tumevuka hata msimu uliopita. Wapo wanaosema nyuzi hazilii. Leo nitavuta uzi mbele yenu. Sikilizeni."

Akavuta.

Kimya.

Akavuta tena.

Kimya. Shorewanda mmoja mtini akakohoa.

Kiboko akatabasamu, akasogea kwenye jiwe, akainama shimoni akanong'ona. Lakini mnong'ono wa Kiboko unausikia ukiwa ng'ambo. "Pimbi. Tikisa."

Kimya.

"Pimbi, nimesema tikisa hilo ganda. Mbona hutikisi? Si tulikubaliana?"

Sauti ya Pimbi ikatoka chini ya jiwe, taratibu kabisa. "Nitikise nini, Mzee? Mimi nami nina mafua."

Hakuna aliyecheka. Wanyama walitazama shimo, wakamtazama Kiboko, kisha, kwa mazoea, wakageuza shingo zao kwa wachambuzi.

Korongo akakohoa kidogo. "Hili ni jambo la muda mfupi. Ukitazama mbali... mimi nasema shikilia."

"Shikilia," akasema Kasuku. "Muda mfupi. Shikilia, shikilia."

"Mmewasikia," Kiboko akasema haraka. "Shikilieni. Mimi nakirudisha chakula ndani kisije kikanyeshewa." Na mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu.

Sasa hapa ndipo pagumu. Wanyama walianza kukaa. Walisikia kwa masikio yao, waliona kwa macho yao, lakini walikuwa wanakaa. Panya alishakaa. Nungunungu alishakunja miiba yake. Pimbi akatoa kichwa shimoni, akamtazama Bi Kanga. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Kilichobaki hakikuhitaji ujanja.

Mbele ya Bi Kanga palikuwa na sahani ya kumbikumbi, ya moto, hajaigusa. Upande wa nyuma kabisa alimwona Bibi Mawe, amechelewa, ndiyo kwanza anafika na mkongojo wake, anamuuliza jirani, "Bi Kanga kasema nini?"

"Uza," akasema Bi Kanga.

Korongo akamgeukia. "Umesemaje?"

"Uza. Uzi wangu haulii. Haukulia hata siku ile niliyowaambia mnunue. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nakula."

Basi tena. Panya aliruka, akanyakua chake, parakacha, ameingia majanini. Kindi akanyakua chake, yuko juu ya mti. Ngiri akanyakua, Nungunungu akanyakua. Kiboko akamkimbilia huyu, yule ameondoka. Akamgeukia yule, huyu hayupo. Jua linamchoma mgongo, mto uko mbali, pumzi hana. Mwishowe akaacha vyote akakimbilia majini, chubwi. Na mpaka leo mchana kutwa utamwona yumo humo humo, macho tu na pua, anasubiri watu walale ndipo atoke.

Mngedhani Bi Kanga alishangiliwa. Hakushangiliwa. Wanyama walimpita na mizigo yao kama wanavyopita kisiki. Wa mbele walipata, wa nyuma walipata makombo, maana kilicholiwa kimeliwa. Na wa nyuma kabisa alikuwa Bibi Mawe. Alipofika kwenye uwanja alikuta maganda. Pimbi aliwahi kumwekea konzi moja ya karanga, na hiyo ilikuwa kiangazi chake chote.

Asubuhi yake Bi Kanga akajaza kapu akiba yake yote, akapanda majabali. Njiani alitunga maneno ya kuomba radhi, akayapanga vizuri. Alipofika mlangoni yote yalimpotea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jua lote hili? Ingia kivulini."

Bi Kanga akatua kapu. "Nimekuletea."

Bibi Mawe akalifunua, akatazama, akalifunika. Hakuuliza ni kwa ajili ya nini. Akaingia jikoni, na Bi Kanga alisikia mwiko ukigonga chungu. Akatoka na mboga za majani, zile zile chache alizokuwa nazo kabla kapu halijaja, akaziweka katikati.

"Karibu tule."

"Nimeshakula, bibi."

"Hujala. Uso wako unaonyesha. Kaa."

Bi Kanga akakaa. Jirani akapita akachungulia. "Bibi Mawe, huyo si yule?"

"Ndiye," akasema bibi. "Ni mgeni wangu." Akamsogezea Bi Kanga fungu kubwa.

Mboga zilikuwa laini, lakini hazikushuka. Kama bibi angemtukana, angeinua shingo akajitetea. Kama angemfukuza, angekwenda akalia huko kwake. Lakini kulishwa, na kulishwa na huyu. Bi Kanga aliinamisha kichwa mpaka mdomo ukagusa vumbi, akawa anadonoa, anadonoa, hata pale ambapo hapakuwa na kitu.

Na nyinyi kanga mmewaona. Wanatembea vichwa chini, wanaparua, wanadonoa, siku nzima. Wengine husema wanatafuta punje. Wengine husema hawataki kukutana macho na mtu.

Haya, funzo. Funzo la hadithi hii ni kwamba ukiitwa kuchambua mambo ya mkubwa, kwanza kula chakula chake, kisha sema walichosema wenzako, na useme kwa sauti. Korongo na Kasuku walifanya hivyo, na mpaka leo wanaalikwa kila penye matokeo, na sahani zao zimejaa. Aliyepata aibu ni yule aliyesema kweli. Kwa hiyo wanangu, ukweli achaneni nao kabisa, unaharibu chakula.

Mzigo wangu nimeutua.

— Tumeupokea.

Atakayeona umemchoma, ni wake.

— Na asiyechomwa?

Basi ni wa jirani yake.

— Ni wa jirani.